Fundi wa Kola Tu

Wageni wanaohamia jengo letu wakisikia tunamwita Mama Kola, humwuliza mwanawe yuko wapi. Yeye hujibu kwamba Kola hakuzaliwa, alishonwa, halafu anacheka mwenyewe kwanza ili mwenzake asione haya. Hana mtoto wala hakuolewa. Jina hilo alipewa kiwandani na wanawake aliokaa nao mstari mmoja wa vyerehani. Chumba changu na chake vinatazamana, ukumbi mwembamba katikati, kwa hiyo haya sikuyaokota mtaani. Mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe, na machache niliyachungulia.

Kiwanda kilikuwa cha mashati, na shati moja lilipita kwenye mikono ya watu wengi. Kuna aliyeshona mifuko tangu asubuhi hadi jioni, kuna wa mabega, kuna wa mikono, kuna wa vifungo. Mama Kola alikuwa wa kola. Aliletewa vipande vimeshakatwa, akaviunganisha, akavipindua, akazichokoa ncha kwa kijiti hadi zikasimama kali, akapiga mshono wa juu na kumsukumia aliye kulia kwake. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana, na mvi zilimkuta palepale. Muda wote huo hakuwahi kukata kitambaa, wala hakuwahi kumpima mtu. Sisi majirani hatukulijua hilo. Kwetu alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani anashona nguo, nini tena?

Wenye kiwanda walipoamua kuhamishia kazi mahali pengine, walifunga milango, na kila mmoja akaruhusiwa kuondoka na cherehani yake kama sehemu ya kiinua mgongo. Wenzake walitawanyika. Wa mabega alirudi kwao, wa vifungo akaenda kulea wajukuu, wa mikono hata hakuaga. Mama Kola aliletwa na mkokoteni, yeye mbele, cherehani nyuma. Tulisaidiana kuipandisha ngazi tukaiweka chini ya dirisha lake. Nikampongeza kwamba sasa amekuwa bosi wa nafsi yake. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa ameshinda bahati nasibu ambayo hakununua tiketi yake.

Kilichomtesa kwanza ni ukimya. Kiwandani, alinieleza, ukitaka uzi ilibidi upige ukelele, maana vyerehani vyote vilinguruma kwa pamoja. Sasa akikohoa alijisikia. Akawa anaacha mlango wazi mchana kutwa ili asikie watoto wangu wakigombana, na watoto wangu katika jambo hilo hawamwangushi mtu. Walipoanza tena shule baada ya likizo, alikuja kubisha hodi kuniuliza kama ndani kuna mgonjwa. Nilimwambia hakuna, wameenda shule tu. Akasema, "Aa, kumbe," akasimama kidogo, akarudi kwake. Roho iliniuma, lakini nilikuwa na nguo za kufua, na mimi si mtu wa kuacha maji yapoe.

Halafu kulikuwa na kaka yake. Anaishi mji mwingine, ana nyumba yake na mke na watoto wadogo. Alimpigia simu kumwambia kwamba wifi yake ameshamsafishia chumba cha nyuma, karibu na jiko, aende wakae wote, atakuwa anasaidia saidia. Mama Kola alilirudia neno hilo mbele yangu mara mbili, saidia saidia, kama anayeonja mboga isiyo na chumvi. Alijua maana yake. Ni kuamka kabla ya wote na kula baada ya wote, na mgeni akija uitwe shangazi kwa heshima huku umeshika sufuria. Lakini kubaki kulitaka kodi ya chumba, na kodi haishonwi kwa kola zisizo na mashati. Wakakubaliana kwamba asipopata kazi ya kueleweka hadi mwisho wa mwezi, kaka atakuja kumchukua, yeye na vitu vyake.

"Huko angalau kuna watu," nilimwambia.

"Kuna watu," alikubali. "Ila sitakuwa mmoja wao."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Kinyozi. Kibanda chake kiko chini ya jengo, kwenye kona, kiti kimoja cha kuzunguka na kioo kilichopasuka pembeni. Ni mtu mpole, mwembamba, anayeongea na wateja kupitia kioo hata wakiwa barabarani. Alileta kitambaa cha buluu iliyofifia, kizuri, na kuomba shati la mikono mirefu. Mama Kola hakusema kwamba hajui. Ningekuwa mimi pia nisingesema, kwa sababu mwezi ulikuwa unakatika na huyo ndiye aliyekuja.

Alijifungia. Mlango uliokuwa wazi siku zote ukawa umefungwa, na mimi nikasikia mkasi, kisha kimya, kisha mkasi. Alianza na kola. Fundi yeyote atakuambia kola haianzwi, lakini yeye ndiyo aliyoijua, na shingo ya Kinyozi hakuipima kwa futi, aliikadiria kwa macho kutoka dirishani. Ilipokamilika alinifungulia mlango anionyeshe. Mimi si fundi, ila niliishika nikatamani kuwa na shingo ya kiume. Kisha akaanza kuitafutia kola yake shati.

Kinyozi alipokuja kulijaribu, nilikuwa mlangoni pangu nikichambua mchele, kazi ambayo siku hiyo ilichukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Aliingiza mkono wa kushoto, sawa. Akaingiza wa kulia, shati likamvuta bega nyuma kana kwamba kuna askari amemkamata. Alijaribu kuunyoosha, likapanda tumboni. Mama Kola alikuwa amekata mikono yote miwili ya upande mmoja, ya kushoto. Kiwandani mikono ilifika kwa wenzake imeshakatwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna wa huku na wa huku.

Laiti Kinyozi angegomba, ingekuwa afadhali. Alisimama hivyo, bega moja nyuma, akajitazama kwenye kioo kidogo, akasema, "Kola imekaa vizuri sana." Akashukuru. Akalivua, akalikunja, akaondoka nalo. Mama Kola alibaki ameshika futi ambayo hakuitumia. Niliingia bila kuitwa nikamkuta amekaa kitandani, uso umemshuka, machozi yakimtoka bila sauti. Alisema ameona aibu kuliko siku kiwanda kilipofungwa, kwa sababu siku ile waliachishwa wengi na leo ameachishwa peke yake. Hapohapo akampigia kaka yake kumwambia asisubiri mwisho wa mwezi. Kaka akasema atakuja Jumamosi na gari la rafiki yake.

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, wala Kinyozi. Nilikasirishwa na hali yote, kwamba mtu anaweza kuchapa kazi umri wake wote na bado akatoka hajui jambo lililo mbele ya pua yake kwa sababu halikuwa zamu yake. Nikikasirika huwa natoka kwenda kununua kitu. Kesho yake hasira ilikuwa haijaisha, nikatoka kununua sabuni ambayo nilikuwa nayo.

Nilipopita kibanda cha Kinyozi, jua likiwa kali na kila mtu amefungua vifungo, nilimwona amelivaa lile shati. Juu yake amevaa koti lake jeupe la kazi, amelifunga hadi kifuani, jasho linamtiririka masikioni. Mikono haikuonekana hata kidogo. Kola tu ndiyo iliyochomoza, buluu juu ya weupe, ncha zimesimama. Akikata nywele alikuwa akigeuka mwili mzima kwa sababu bega la kulia halikumruhusu. Nilimwuliza kama anataka kufa kwa joto. Akanijibu kupitia kioo kwamba tangu asubuhi wateja wamemwuliza kama amepata pesa, na kwamba yeye kazi yake ni kutazama shingo za watu, na shingo anazozitazama zimevaa makapi.

Sabuni nikaisahau. Nilipanda ngazi, nikamwambia Mama Kola avae viatu. Akauliza kuna nini, nikamwambia avae viatu. Nikamshika mkono nikamshusha hadi chini kama mtoto aliyegoma chanjo, na nikamsimamisha mlangoni pa kibanda.

Alimwona Kinyozi ndani ya lile koti na jasho lile, akaelewa. Nadhani angekimbia kama nisingekuwa nyuma yake, na mimi si mwembamba. Kwenye kiti alikaa mzee mmoja fundi saa, kichwa ameinamisha ili anyolewe kisogo. Kinyozi alikuwa amekunja kola ya mzee kwa ndani, na pale kwenye mkunjo kitambaa kilikuwa kimelika hadi nyuzi zinaning'inia. Sehemu nyingine yote ya shati ilikuwa nzima kabisa.

Mama Kola alisahau kwamba ana aibu. Alisogea, akaishika kola ya mtu asiyemjua, akaigeuza, akaipapasa kwa ndani kwa kidole gumba.

"Huku chini bado mpya," alisema. "Inafumuliwa, inageuzwa, inarudishiwa. Upande uliochakaa unalala chini, hauonekani."

Fundi saa akauliza, bila kuinua kichwa, hiyo ni kazi ya siku ngapi. Mama Kola akasema kabla kichwa hakijamalizwa kunyolewa. Halafu akasema, "Vua shati." Maisha yake yote, alinihakikishia baadaye, hakuwahi kumwambia mwanamume maneno hayo.

Alilipandisha juu, na tukaisikia cherehani kutoka dirishani, mfululizo, haina kusitasita. Aliposhuka, fundi saa alikuwa bado anapakwa poda, amekaa na fulana. Alilivaa, akajitazama, akanyoosha shingo kwa namna ambayo wazee huisahau. Mteja aliyefuata hakungoja kuambiwa. Alianza kufungua vifungo vyake.

Siku mbili tatu zilizofuata alikuwa akipanda na kushuka hadi magoti yakamlalamikia, ndipo Kinyozi akamwambia ailete cherehani kibandani, pale pembeni palipokuwa na ndoo. Ndoo ikahamia nje. Watu wakaanza kuja na mashati mkononi, hata wasiokuwa na nywele za kukata. Lile shati la buluu alilifumua mkono wa kulia mwenyewe, akakata mwingine, akakosea, akakata tena. Kinyozi alilivaa bila koti, na mkono mmoja una rangi tofauti kidogo kwa sababu kitambaa kiliisha. Nilimwambia amependeza upande wa kushoto.

Mabadiliko haya yalimpa Mama Kola nuru usoni, sitaki kutia chumvi. Alikuwa akirudi jioni amechoka na anaimba kwa pua. Lakini mteja wa kola hakai. Anavua, anavaa, anakwenda zake. Akifika chumbani alikuwa akiacha mlango wazi kama zamani.

Jumamosi ilifika akiwa hajampigia kaka yake kumwambia lolote. Kila nilipomkumbusha alisema atampigia kesho. Kaka alikuja na lile gari la kuazima na kamba za kufungia vitu. Nilimwelekeza kibandani, nikamfuata, maana nilikuwa na nafasi. Ni mtu mzima mzito, anayefanana naye kipaji cha uso. Alimkuta dada yake amezungukwa na mashati, watu wawili wanasubiri, na yeye ameshikilia pini mdomoni. Kamba alizishika nyuma ya mgongo.

Walisalimiana. Akaulizia hali ya wifi na watoto, kaka akasema wazima, wanamsubiri. Kisha macho ya Mama Kola yakashuka shingoni kwa kaka yake. Kola ilikuwa imelika mkunjo mzima. Alinyoosha mkono tu, na yule mtu mzima akavua shati barabarani akaketi kwenye benchi na fulana, kama alivyokuwa akikaa, nadhani, dada yake alipokuwa akimfulia sare ya shule.

Mama Kola aliishona ile kola polepole kuliko zote nilizomwona akishona. Fundi huyu anayejulikana kwa kasi yake, siku hiyo alifumua uzi mmoja mmoja. Kaka alitazama mikono yake, akawatazama wateja, akamtazama Kinyozi. Alipovaa shati alijipapasa shingoni.

"Naona umeshapata kazi," alisema.

"Nimepata."

"Basi nitamwambia wifi yako chumba ampe mtoto wetu mkubwa."

Mama Kola aliinua kichwa. Akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kuja, akamwomba awasalimie. Kaka alimpa mkono, akaziweka kamba ndani ya gari, akaondoka. Yeye akachukua shati lililofuata kwenye rundo.

Jioni tulipanda ngazi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma kwa sababu ya uzito. Nilikuwa nimejaa furaha kwa niaba yake. Nikamwambia kwamba ameokoka, kwamba sasa hakuna wa kumweka karibu na jiko, na kwamba hata kaka mtu ameona kwa macho yake. Alikuwa akitafuta ufunguo kwenye pochi.

"Umefurahi, au hujafurahi?" nikamwuliza.

"Nimefurahi," alisema. "Nisingekwenda hata angenibeba." Akafungua mlango, akasimama kizingitini huku ameushika. "Lakini nilifikiri ataniomba hata mara ya pili."

Nilimwambia aje kula kwangu. Akaja.