Kuchoma Masizi Mpaka Igawa

Baba alipostaafu ualimu, mama alitaka tununue mashine ya kukoboa mpunga tuiweke Igawa, maana mchele ndio kazi yake, anautoa huko anauuza soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Baba alitaka gari. Na siyo gari tu, gari ya dizeli. Kwake yeye gari ya petroli ni ya kumpelekea bibi harusi saluni. Kiinua mgongo kilikuwa cha baba, kwa hiyo tukanunua gari.

Hapo ndipo nilipojua dizeli hazipatikani kirahisi kama anavyodhani mtu aliyekaa na chaki miaka thelathini. Zile alizozipenda, za zamani, injini inagonga kama mashine ya kusaga, ukiagiza unakutana na ushuru wa uchakavu mpaka unajiuliza unanunua gari au unalipa faini. Mpya kabisa hatuziwezi. Zikabaki za katikati, na hiyo tuliyoipata ilitoka Ulaya, kwenye mji ulioanza kuzikataa dizeli kwa sababu ya moshi. Baba alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema Wazungu wajinga, wanafukuza gari nzima. Nikamwambia mtu hafukuzi gari nzima bila sababu. Akanijibu kwamba kidato cha nne hakijanifanya injinia.

Na huyu ni mwalimu wa jiografia, mlezi wa klabu ya mazingira kila shule aliyopita.

Gari ikaja, ya kijivu, nzuri, lazima niseme ukweli. Baba alikuwa amepiga hesabu kwamba dizeli ni rahisi. Ilikuwa hivyo zamani, kabla tozo hazijapandiana migongoni. Siku hizi ukifika sheli, bei ya dizeli na ya petroli zinatazamana kama mapacha. Baba hakukubali kwamba amekosea, akaamua kubana. Jumamosi sokoni, Jumapili kanisani, mwendo wa maandamano ya Ijumaa Kuu, siku zingine gari imefunikwa turubai.

Mwezi wa tatu ikawaka taa ya njano, picha ya kiboksi chenye vidoti ndani. Baba alisema ni mambo ya tairi. Mama alisema ni chujio la chai. Nikapewa kitabu cha gari nisome, kwa vile mimi ndiye mwenye Kiingereza, na mama ndiye aliyepatia. Kwenye bomba la moshi kuna chujio la kukamata masizi, ndivyo sheria za huko zinavyotaka. Linajisafisha lenyewe kwa kuyaunguza, lakini mpaka gari iende mbio bila kusimama, kama dakika ishirini. Ukiiendesha kwa kuibembeleza, linaziba. Likiziba sana, gari inagoma.

Yaani tozo zilimfundisha baba kwenda polepole, na gari ilitaka mtu wa kukimbia. Sheria mbili, kila moja imetungwa na watu waliosoma, zikakutana kwenye mguu wa mwalimu mstaafu.

Jumatatu tukatoka watatu kwenda kuitembeza gari kama mbwa wa Mzungu. Twende mpaka Igawa, turudi. Mama alikubali kwa sababu alikuwa na mchele wa kuangalia huko.

Aliyeandika kile kitabu hajawahi kupita barabara ya Mbeya kwenda Iringa. Ukishavuka Uyole, kila kijiji kina kibao cha hamsini. Kijiji kikiisha yanakuja matuta, matuta yakiisha kuna lori la Zambia linapanda mlima kwa magoti. Baba akifika themanini nilikuwa nahesabu dakika kwenye simu. Mbili. Moja na nusu. Tatu. Karibu na Igurusi nilifika nne, nikaanza kuwa na imani, halafu trafiki akatokea na tochi yake.

Alimwamkia baba kwa heshima, akamuonyesha mwendo aliomkamata nao. Baba hajui kudanganya.

"Afande, nilikuwa nachoma masizi."

Trafiki akachungulia ndani, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Masizi ya nini, mzee?"

"Ya kwenye chujio. Kwa ajili ya hewa safi."

Baba akiwa katikati ya kueleza hewa safi, ikapita pikapu kuukuu ya wafugaji wa Usangu, ndama wawili na watu saba nyuma, moshi mweusi tii. Kwa muda trafiki hatukumuona kabisa. Moshi ulipotawanyika bado alikuwa anaandika. Anatuandika sisi.

Tulipopita Chimala taa ikawa nyekundu na gari ikaacha kuvuta. Bodaboda zenye magunia zikaanza kutupita. Ile gari ikifa hakuna nyingine, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Tulipoingia Igawa tulipita mashine ya kukoboa ya mtu, inanguruma, foleni mpaka nje. Mama aliitazama tu. Afadhali angesema.

Tukasimama kwenye gereji ya kando ya barabara, na fundi alipotoka chini ya lori akamtambua baba palepale. "Shikamoo Mwalimu!" Baba alimfundisha zamani, Rujewa. Akatueleza njia mbili. Chujio jipya liagizwe mbali, kwa bei ya kuuza shamba. Au akate kwa grenda, atoe vya ndani, achomelee bomba tupu, halafu ampigie mtu wa kompyuta aje azime taa. Gari zinazoletwa kwake na taa hiyo, alisema, huwa anazikata.

Kisha akacheka.

"Ila Mwalimu, si wewe uliyetuandikia ubaoni kwamba moshi wa magari unaua? Mimi nilichapwa kwa swali hilo."

Baba akampa funguo.

"Kata," akasema, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara mpaka kelele za grenda ziishe.

Mama hakwenda popote. Fundi alipoviweka vya ndani pembeni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, mama akamuuliza anavipeleka wapi. Akasema anavitupa. Mama amekaa sokoni miaka mingi, anajua takataka haibebwi hivyo. Akambana mpaka akakiri kwamba kuna watu wanapita kununua, kuna madini ndani. Vikaingia kwenye gunia la mama, na namba ya simu ya mnunuzi juu yake.

Kurudi, gari ilivuta kama dume la ng'ombe. Baba akaanza kupiga mluzi. Kwenye mlima baada ya Igurusi wanafunzi walikuwa wanatoka shule, wamejaa kando ya barabara, na nyuma yetu basi linapiga honi. Baba akakanyaga. Nikageuka kuangalia. Wale watoto walikuwa wamevuta masweta mpaka puani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wanatupungia.

Baba akapandisha kioo, akawapigia honi.