Mlango wa Rien Oomen

Nimewajua wajinga wengi, maana huu ni mwaka wa ishirini na sita nauza chipsi hapa Baarle, na wajinga nao hula. Lakini Rien Oomen alikuwa wa daraja lake peke yake. Wajinga wengine hukosea kwa kutojua. Rien alikosea kwa kujua, na kila alipojua jambo moja alitutangazia matatu.

Ni Mholanzi wa Breda, ana miaka hamsini na minne, kazi yake kupogoa miti kwenye shamba la miche siku tatu kwa wiki. Siku nne zilizobaki alikuwa fundi wa kila kitu, hasa vitu vya watu. Alinifundisha hata kukaanga viazi. Mimi! Alisimama mbele ya kibanda changu, mayonezi kidevuni, akaniambia mafuta yangu hayajapata moto.

Kisha akaoa. Mke aliitwa Ketevan, sisi tukamwita Keto, mshonaji kutoka Kutaisi huko Jojia, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alimpendea nini Rien, mpaka leo sijui. Watu husema mapenzi ni upofu. Ya Keto nadhani yalikuwa na uziwi pia.

Kwa sheria ya Uholanzi, Rien hakuweza kumweka mkewe nchini kwake. Mshahara wa siku tatu haukutosha, na Keto angetakiwa kwanza kufaulu mtihani wa Kiholanzi akiwa kwao. Lakini Mholanzi akihamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, mambo hugeuka. Huko anahesabiwa raia wa Ulaya aliyehama, na mkewe humfuata kwa haki, bila mtihani wowote. Sharti ni waishi huko kweli. Ndiyo maana Waholanzi wenye wake wa mbali huhamia upande wetu wa Ubelgiji, na sisi hatuwacheki. Tunawauzia chipsi.

Rien alikuwa na bahati ambayo hakuistahili. Shangazi yake alimwachia nyumba, ukuta kwa ukuta na kibanda changu. Mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi unapita sebuleni mwake, kama unavyopita kwenye nyumba nyingi za Baarle, na kwa nyumba za namna hiyo tuna desturi moja tangu enzi za mababu: mlango wa mbele ukiwa Ubelgiji, unaishi Ubelgiji, ukiwa Uholanzi, unaishi Uholanzi. Unakolala ni shauri lako na godoro lako. Mlango wa shangazi ulikuwa barabarani, Ubelgiji kabisa. Wakahamia, wakajiandikisha, Keto akaomba kibali chake cha ukaaji. Kilichobaki ni askari wa mtaa kuja kuhakikisha kwamba wanakaa pale.

Mtu mwenye akili angekaa kitako, akanywa kahawa, akamsubiri askari. Rien alikaa kitako akaona sebule ina giza. Mholanzi asipokuwa na dirisha kubwa lisilo na pazia, ambalo wapita njia wote watamwona ndani akijisomea gazeti, hujihisi yuko kaburini. Na mahali alipolitaka dirisha lake ndipo ulipokuwa mlango. Basi akaung'oa. Wiki tatu tulisikia nyundo. Akaweka kioo kimoja cha mita tatu, akapanga maua yake ya okidi, na mlango akautoboa ubavuni, kichochoroni, karibu na mapipa ya taka.

Nikaenda.

"Rien, mlango uko wapi?"

"Nimeuhamisha, jirani. Hebu ona mwanga huo!"

"Umeuhamishia Uholanzi."

"Mita nne tu!"

"Hata ingekuwa unyayo mmoja, bwana. Huyu mke wako itakuwaje?"

"Nyumba ni ileile. Na kibao cha namba nimekihamisha nacho, si unaona kina bendera yenu? Wewe kaanga viazi, mama. Sheria niachie mimi."

Keto alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio. "Lieve," akaniuliza, "anayosema ni kweli?"

"Hapana, mdogo wangu. Si kweli hata kidogo."

"Usimsikilize," akasema Rien. "Huyu hata shule hakumaliza."

Bwana Ludo, askari wetu wa mtaa, alifika siku mbili baadaye na baiskeli yake. Ni mtu mpole, hajawahi kumfokea mtu. Alitafuta kengele mpaka nikamwonea huruma. Rien akatoka kichochoroni kumwita.

"Siwezi kuja huko, Bwana Oomen," akasema Ludo. "Huko kuna wenzangu. Mimi nakagua mlango wa Ubelgiji, na sasa huna."

"Lakini kitanda changu kiko Ubelgiji!"

"Kitanda hakinihusu. Nakupa siku kumi. Rudisha mlango, yaishe. Nisipoukuta nitaandika kwamba hamkai huku, na ombi la mkeo litakataliwa. Umenielewa?"

Siku kumi zinatosha kurudisha milango kumi. Kaka yangu Staf ni mwashi; alijitolea kuifanya kazi hiyo kwa siku moja, bure, kwa ajili ya Keto. Rien akamwambia hawezi kubomoa jasho la wiki tatu kwa sababu ya tundu. Badala yake akakaa mezani, siku nenda siku rudi, akiandika barua ya kurasa kumi na nne kwenda Brussels. Sikio la kufa halisikii dawa. Ukuta wetu ni mwembamba, nikamsikia Keto akimsihi.

"Rien, vunja tu. Mimi nitakaa hata gizani."

"Tulia, mke wangu. Jibu litakuja. Jifunze subira."

Subira! Mwanamke ameacha mama yake, ameacha wateja wake, halafu mtu mwenye okidi sita anamfundisha subira. Nilitamani kummwagia mafuta, na siku hiyo yalikuwa yamepata moto wa kutosha.

Siku ya kumi, saa nane mchana, Ludo akagonga kioo. Rien, akiwa ndani, akamwonyesha kwa mkono azunguke. Ludo akatikisa kichwa, akaonyesha ardhi aliyosimama. Rien akaibandika barua kiooni ukurasa baada ya ukurasa ili askari asome. Wateja wangu wakaacha kula. Ndipo Keto akainama kwenye sanduku la zana, akainuka na nyundo. Ludo akaliona hilo, akarudisha kalamu mfukoni, akarudi nyuma hatua mbili asije akakatwa na vioo. Nasema angengoja hadi jioni, mradi mlango upatikane.

Rien akajitupa mbele ya dirisha akitanua mikono, mgongo wake kwetu. Hatukusikia aliyosema. Tulimwona Keto tu, akimtazama mume wake akikilinda kioo. Akaiweka nyundo chini polepole, mtu asingesikia hata mlio wake. Ludo akavua kofia, akaandika.

Baada ya robo saa Keto alikuwa kibandani kwangu na sanduku lake la nguo.

"Nipeleke uwanja wa ndege, Lieve."

"Unaweza kukata rufaa, mdogo wangu. Nitakutafutia wakili."

"Rufaa ya nini? Haki yangu yote iko mikononi mwa mtu yule, na mikono yenyewe umeiona imeshika nini."

Nikazima mafuta, nikampeleka Eindhoven. Njiani hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira.

Wiki iliyofuata Rien akaja kununua chipsi. Akawaambia watu kwenye foleni kwamba sheria za Ulaya zimemnyang'anya mke.

"Sheria ilikupa mke," nikamwambia mbele yao wote. "Wewe ndiye uliyemzibia njia."

Akachukua pakiti yake, akaiongezea chumvi. Kisha akaniuliza kama nimeona jinsi mwanga unavyoingia vizuri siku hizi.