Nilianza kusalimia watu Kitale ili mood ipande, wakasema ninasimama kiti

Wakuu, mulembe. Na wale mnasoma hii mkiwa kazini, bosi akidhani mnapiga hesabu, nawaona pia.

Hii ni ya ukweli. Mimi huongeza chumvi, sikatai, hata mwalimu wangu wa insha alikuwa ananiandikia pembeni "punguza". Leo nimepunguza. Mahali nimeshindwa mtajua wenyewe.

Mimi ni Kamau, nauza mbegu na dawa za ng'ombe kwa agrovet moja hapa Kitale. Pia mimi ni graduate wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Kwa miaka kadhaa nikitoka kazi naenda darasa la jioni, nakaa kwa dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu. Nikafanya mtihani, nikapita, wakanipigia makofi.

Halafu jioni zikabaki bure.

Sikuwa mgonjwa, bana. Nilikuwa tu nafika nyumba, naangalia ukuta, ukuta unaniangalia, na ukuta ndio ulikuwa unachoka kwanza.

Mchumba wangu anaitwa Nafula. Ni fundi wa nguo hapa mjini lakini kwao ni Misikhu, kule Bungoma. Siku moja akaniangalia, akaweka mkasi chini.

"Kamau, umekuwa kama redio imelala betri. Kesho anza kutembea kwa miguu kwenda kazi. Salimia watu, na si ile ya kuinua kidevu, simama uulize mtu habari yake. Na kila siku ushukuru mtu kwa kitu amefanya."

"Ni hayo tu?"

"Na ucheke. Una meno mazuri, unayaficha ni kama si yako."

Nikaanza Jumatatu.

Wakuu, sitawadanganya, hii dawa inafanya kazi. Asubuhi ya kwanza nilisalimia watu wa boda, mama wa sukuma wiki, mzee wa viatu, na sanamu moja ya duka la nguo ambayo ilikuwa imevaa vizuri kuliko mimi. Nikamshukuru jamaa wa posho mill kwa unga laini. Akazima mashine ili asikie vizuri, maana hakuna mtu alikuwa amewahi kumwambia hivyo.

Na kwa vile mimi huuza dawa, nakumbuka mifugo kuliko majina. "Sasa mzee, yule ndama wa kuhara alipona?" Mtu anabaki mdomo wazi.

Usingizi ukarudi. Chakula kikawa na ladha. Nikaanza kuimba nikiosha vyombo, jirani akagonga ukuta, nikamshukuru kwa kunipigia ngoma.

Shida iko hivi. Huku kwetu, na saa hii kampeni zinanukia, hakuna mtu mzima anauliza habari ya ndama wako bila kutaka kitu.

Mambo yaliharibikia kwa kibanda cha mandazi cha Mama Halima, karibu na msikiti. Kibanda kimejaa, mimi nakunywa chai nikiwa wima. Mama Halima akanitazama.

"Mwanangu, naona unasimama."

"Nasimama tu, Mama," nikamjibu nikicheka na meno yote, vile Nafula aliagiza. "Viti vimeshikwa na watu na hawataki kutoka. Lakini kimoja kikiachwa wazi, mimi nakaa."

Vikombe vyote vikawekwa chini. Halafu mtu mmoja huko nyuma akapiga meza: "Huyo sasa ndiye!"

Kwa wale hamtoki huku: kusimama ni kugombea. Kiti ni cheo chenyewe. Nilikuwa nimetangaza azma yangu nikiwa na mandazi mdomoni.

Kufikia saa sita watu wa boda walikuwa wananiita mheshimiwa. Wiki hiyo hiyo kwaya ya akina mama kutoka Endebess ilikuja ikasimama nje ya agrovet, ikaimba jina langu kwa sauti nne. Mteja alikuwa amekuja kununua dawa ya kupe akaondoka na hiyo nyimbo, dawa akasahau. Bosi naye akaniita kando: "Si ungeniambia mapema nikutafutie dirisha la poster?"

Nikasema sigombei. Wakasema, ona unyenyekevu.

Nikasema kwa nguvu sigombei. Wakasema, huyu anajua kuficha kadi.

Kijana mmoja msafi, kofia na miwani, mtu wa yule anashikilia kiti sasa, akanifuata barabarani asubuhi. "Mheshimiwa wetu anauliza, utateremka lini umpishe?"

"Niteremke wapi, ndugu? Si unaona natembea kwa miguu?"

Akaandika hiyo kwa simu, akaenda. Nikasikia baadaye ati mimi ni mtu mgumu.

Hapo bado nilikuwa nacheka. Nilinyamaza siku Nafula alikuja dukani macho yamevimba.

Babake, Mzee Wanjala, alikuwa amempigia. Jumamosi ndio nilikuwa niende Misikhu kuonekana kwa mara ya kwanza. Si mahari, ni kuonekana tu, mzee aniangalie aamue kama wazazi wangu waje ama wasije. Sasa habari za Kitale zilikuwa zimemfikia.

"Amesema kama unasimama, usikuje kukaa kwake. Kamau, hiyo si mzaha. Baba mdogo alisimama mara moja tu. Ng'ombe wakaenda, shamba la chini likaenda, mpaka mabati ya jikoni yakaenda. Alisimama mtu mmoja, ukoo mzima ukakaa chini. Baba hajaongea na yeye mpaka leo."

"Lakini mimi sisimami!"

"Na yeye alikuwa anasema hivyo hivyo."

Wakuu, hapo mood ilishuka ikapita mahali ilikuwa mwanzo.

Jumamosi nikaamka mapema niondoke kimya kimya, nikamweleze mzee mwenyewe. Nikachukua boda moja. Kosa langu ni kwamba huyo wa boda nilimsalimia, nikamuuliza mtoto wake wa kikohozi. Akaguswa moyo. Akapigia Chairman wao simu.

Tulipofika barabara kuu ya Webuye walikuwa wananingoja, pikipiki kama nzige, kila moja na tawi la mti mbele. Niliwasihi warudi. Wakapiga honi. Niliwasihi tena. Wakapiga honi na mguu juu.

Chairman mwenyewe ni mtu wa Bungoma, mtu mzuri sana, shati la drafti, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nikampigia magoti, karibu.

"Chairman, tafadhali. Huyo mzee hataki siasa. Tukifika, sema tu mimi ni mgeni, nimekuja kula. Kula chakula. Basi."

"Hiyo ni ndogo sana, mheshimiwa. Niachie."

Tukaingia Misikhu na vumbi. Soko likatufuata. Akina mama wakapiga vigelegele bila kujua ni ya nani. Tukafika boma la Mzee Wanjala. Mzee alikuwa amekaa kando ya rundo la mahindi anapukuchua, hakuinua kichwa. Mama Nafula akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nafula, ambaye alitangulia jana yake, alikuwa nyuma yake, ameshika kichwa.

Chairman akapanda juu ya pikipiki yake.

"Papa! Mayi! Mulembe! Tumewaretea mtoto wenu! Hana maneno mengi! Mheshimiwa amekuja KURA TU!"

Na umati: "KURA! KURA! KURA!"

Niliona shamba la Mzee Wanjala likizunguka.

Mama Nafula akasema, "Kama ni kula, karibuni, lakini kuku ni wawili na nyinyi ni kijiji."

"Amesema kura," mzee akasema.

"Amesema kula."

"Mama Nafula, mimi nimesikia kura. Niko na masikio."

"Masikio yako unayapeleka kwa siasa mwenyewe, Baba Nafula. Mgeni ana njaa."

Mzee akaacha mahindi. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Kijana. Sema na mdomo wako. Umekuja nini?"

Wakuu, mimi ni Mkikuyu wa Kitale. Hizo herufi mbili, L na R, hata kwetu nyumbani hazijawahi kukaa mahali zimewekwa. Ukiongeza na hofu, ulimi ulijifunga kamba.

"Nimekuja... kura, mzee."

Hata mimi nilijisikia.

Umati ukalipuka. Mtu akanibeba begani. Nikapiga kelele "Sisimami! Sisimami!" wakashangilia zaidi, wengine wakafanya hiyo iwe wimbo. Mzee akarudia mahindi yake ni kama nimeshaondoka. Nikamwona Nafula akiingia nyumba, na hapo ndio nilijua maneno yameniishia. Kila kitu nikisema kinakuwa kampeni. Nikinyamaza ni mkakati.

Nikateremka kutoka kwa bega la mtu. Nikaenda nikakaa chini kwa mchanga, upande ule mwingine wa rundo. Nikachukua hindi moja, nikaanza kupukuchua.

Umati ukasogea kungoja hotuba.

Nikapukuchua.

Wakangoja. Mtu akapiga makofi kidogo, yakafa. Nikamaliza hindi hilo, nikachukua lingine. Sijui kama mmewahi kuangalia mtu akipukuchua mahindi. Haina mwanzo, haina katikati, na mwisho uko mbali. Watoto wakaenda kwanza. Halafu akina mama, soko linawangoja. Mawingu yakakuja kutoka upande wa mlima, watu wa boda wakaanza kuangalia juu, mmoja mmoja akiwasha na kuondoka.

Akabaki Chairman.

"Mheshimiwa, kweri tukuache hapa?"

"Niache, bana. Asante kwa kunileta. Nashukuru kabisa."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Basi umepoteza Misikhu yote." Akaondoka na tawi lake.

Kukabaki sauti ya punje tu. Mimi na mzee, hatuongei. Vidole viliniuma, halafu vikaacha kuuma, na kitu ndani yangu kikatulia kuliko siku zote za kusalimia. Sijui ni saa ngapi zilipita. Matone ya kwanza yalianguka, tukavuta mahindi pamoja chini ya paa.

Mzee akapangusa mikono.

"Ndugu yangu nilimwomba awaambie watu waende. Siku moja tu. Alishindwa." Akatazama barabara. "Hawa wako wameenda."

Nikaokota punje zilizomwagika. Nilishajifunza.

"Waambie wazazi wako wakuje," akasema. Halafu akageukia jikoni: "Mama Nafula! Weka maji ya ugali!"

"Ugali umeiva kitambo," mama akajibu. "Mimi nilisikia kula tangu mwanzo."

Wakuu, nilikula mpaka Nafula akaona aibu kwa niaba yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Hizi tabia ndogo ndogo zinainua roho kweli: tembea, salimia, shukuru. Lakini salamu ni kama dawa ya minyoo, ukizidisha dozi inashika watu vibaya, hasa msimu huu. Na ukiona maneno yako yamekataa kukusaidia, tafuta kazi ya mikono ufanye kando ya mtu, bila kusema kitu. Mimi siku hizi jioni napukuchua mahindi ya jirani. Hajaniuliza nataka nini. Najua anawaza.

Leteni zenu hapo chini. Ni kitu gani kidogo unafanya kila siku kinakufanya ujisikie mtu? Na kama kuna mwingine hapa alipewa cheo kwa sababu ya kucheka tu, ajitokeze tuliwazane. Matusi pia karibuni, nitawashukuru mmoja mmoja.