Kwa Baa
Tulipomwambia mama yangu kwamba tunajenga huku Boito, kwa Wakipsigis, hakubishana. Alisema tu kwenye simu kwamba ugenini mtu hupanga chumba, hajengi. Kwetu kando ya ziwa ndivyo wazee wanavyoona. Lakini mimi na mume wangu tumefanya kazi kiwanda cha majani chai tangu ujana wetu, watoto wetu hutaniana kwa Kikipsigis, na nilikuwa nimechoka na nyumba za kampuni ambazo hata msumari hugongi bila ruhusa.

Tukanunua kipande cha shamba nyuma ya boma la bibi mmoja mkulima. Kila mtu alimwita kogo, yaani nyanya, nasi tukafuata. Njia ya kufika kwetu ilipita katikati ya majani chai yake. Alitukubalia kabla hatujamaliza kuomba kupita, na kila asubuhi akatuletea maziwa.

Mimi nilikuwa na sharti moja tu: paa kubwa. Huku mvua ni ya karibu kila alasiri, na nilitaka paa litokeze mbele, watu waketi chini yake wasilowe. Fundi wetu, mtu wa Ndanai, alikubali. Ila kwake, kama kwa wengi wa hapa, P na B ni ndugu wa tumbo moja. Siku hiyo alipita kwa kogo kunywa chai, akamsimulia mipango yetu.

Maziwa yakakoma. Salamu zikawa fupi. Kisha lori la mabati kutoka Sotik likakuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba. Nilikasirika, sifichi. Chini ya hasira palikuwa na hofu kwamba mama alisema kweli, na kwamba hapa hatutapokelewa kamwe. Mume wangu alitaka twende kwa chifu. Nikamwambia asubiri, naenda mwenyewe.

Nilimkuta kogo uani kwake na akina mama wa kanisa lake. Nikauliza tumekosea wapi.

"Mama, sisi ni watu wa kanisa," akasema polepole. "Hii baa kubwa mnaweka ni ya nini?"

"Ya kuzuia mvua, kogo."

"Fundi alisema itatokea mbele, watu wakae hapo."

"Ndiyo. Hata wewe utakaa."

Mama mmoja akashika kichwa. Ndipo nikaelewa. Nikanyoosha kidole kuelekea paa la jiko lake.

"Kogo, hata wewe uko na baa. Hiyo hapo, inatoa moshi."

Alitazama juu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Miiba aliiondoa mwenyewe, huku dereva wa lori akimsihi aache.

Nyumba ikaisha. Mvua ikiwakuta wachumaji njiani hukimbilia kwetu, nami huwachemshia chai kwa maziwa ya kogo. Nina raha na nyumba hii kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwaka jana mama alikuja kututembelea bila kutuarifu. Stendi alimtajia mtu wa bodaboda jina la mume wangu, hakulijua. Mama akaeleza kwamba ni watu wa ziwa, waliojenga nyuma ya kogo.

"Aa, Kwa Baa," akajibu yule kijana. "Hao ni watu wetu. Panda, nyanya."

Mama alishuka kwenye geti langu amenuna, akitaka kujua tangu lini bintiye anauza pombe.