Mtoro wa Chanjo ni Mimi

Jamani, leo nimesomwa jina mbele ya watu.

Mnanijua, mimi nesi wa leba. Mama asipomleta mtoto kumalizia chanjo, napanda bodaboda mpaka kwake, huko ndani Ihanja, namsema mbele ya mama mkwe wake.

Sasa niko Manyoni kwenye semina ya homa ya ini B, wauguzi na wakunga watupu. Mwezeshaji akatoa karatasi: "Wafuatao hawajachoma sindano ya tatu ya chanjo."

Jina la kwanza, langu.

Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka nao.

Halafu akasema ugonjwa huu unaingia kwa damu, na unaweza kukaa mwilini miaka bila hata homa.

Kicheko kikaniishia. Mwaka jana nilijichoma sindano nikimshona mama aliyechanika akijifungua. Nikanawa, nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu, hata baba watoto.

Tumepimwa wote. Kipimo changu kiko hapa mezani, kile kile ninachowapimia wajawazito kila siku. Mstari mmoja, huna. Miwili, unao. Unasubiri dakika kumi na tano.

Dada Mwajuma niliyekaa naye ananiambia, "Weka simu chini, tusali."

Siwezi, dada. Nikiiacha simu nitatazama kipimo.

Niandikieni chochote, hata mkinisema nimestahili.

Nimetazama.

Mstari wa kwanza umeshatokea. Zimebaki dakika kumi.