Helmeti Niliyoisafisha kwa Petroli

Wewe unayetafuta helmeti ya mitumba, nisikilize kidogo kabla hujatoka. Sikuzuii kununua. Mimi mwenyewe nimevaa mitumba miaka yangu yote ya kuendesha, na jaketi bora kuliko yote niliyowahi kumiliki nililivua kwenye mabega ya mtu aliyekuwa anaoa wiki iliyofuata na hakutaka mchumba wake alione. Nataka tu nikueleze jambo moja polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Ukipotea mahali, rudi nyuma usome tena. Hakuna atakayekucheka.

Ninafundisha umeme katika chuo cha ufundi mjini Meru. Kwa miaka sita nilikuwa na pikipiki ya mbio, zile ambazo mwendeshaji huinama hadi kifua kikakaribia tangi. Niliinunua ikiwa imetumika, nikajifunza kuitunza kwa kuifungua na kuifunga. Na kwa kuwa waendeshaji wengi huniamini, wakawa wananiletea vifaa vyao niwauzie: jaketi, glavu, buti, suti za ngozi. Mtu huanguka mara moja, akaogopa, akaniletea kila kitu ndani ya gunia. Mwingine hupata mtoto, mkewe akamwambia achague.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo huko Embu. Kila Jumamosi alipanda kuja nyumbani kwa mama, huko Kaaga, nami nikatoka mjini kumpokea. Tulifanya kazi za pikipiki uani, karibu na banda la kuku, mama akitupigia kelele tusimwage mafuta kwenye sukuma wiki zake.

Jumamosi moja nilimfundisha kusafisha cheni. Nilimpa brashi na kikopo cha mafuta ya taa.

"Mbona si petroli?" akaniuliza. "Mafundi wote wa stejini kwa bodaboda wanatumia petroli. Wanaoshea hata mikono."

"Cheni hii ndani ina pete ndogo za mpira. Pete zile ndizo zinazoshika grisi isitoke. Petroli inakula mpira."

Akafikiri kidogo. "Kumbe petroli ni kama mjomba wetu kwenye harusi. Inakula kila inachowekewa."

"Nitamwambia mjomba," mama akasema kutoka jikoni.

"Mwambie, mama. Anajijua."

Nakuomba uyashike maneno hayo ya cheni. Nilikuwa nayajua. Niliyafundisha kwa kinywa changu mwenyewe, nikiwa nimeshika brashi.

Baadaye mdogo wangu akanunua pikipiki yake, ndogo kuliko yangu lakini ya mbio vilevile. Kichwani alikuwa akivaa helmeti ya bodaboda, nyepesi kama sufuria ya chai, iliyopasuka upande mmoja. Mimi nilikuwa na helmeti nzuri sana. Niliinunua kutoka kwa mtu aliyehama nchi, nikaivaa miaka miwili bila kuanguka nayo. Alipoijaribu ilimbana masikio, akatoa uso uliofura mashavu kama mtoto anayepuliza moto. Nikamwambia hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wiki iliyofuata ingekuwa yake.

Sasa nikueleze kuhusu mama yangu. Katika nyumba yake hakuna kitu kinachotoka mlangoni kikiwa kichafu. Kiondo cha jirani hurudishwa kimeoshwa na kuwekwa chochote ndani. Mtungi wa maziwa hufukizwa kwanza. Nimewahi kumwona akifuta miguu ya jogoo kabla ya kumkabidhi mgeni. "Usimpe mtu jasho lako," ndivyo alivyotulea. Nilipomwambia ninampa mdogo wangu helmeti, akaigeuza, akainusa, akanirudishia.

"Utampa ikinuka hivi?"

"Mama, ni mdogo wangu."

"Basi ndiyo sababu uioshe."

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Kwa nje ilikuwa na gundi ya vibandiko vya mmiliki wa kwanza, na wadudu waliokaukia juu ya paji. Kwa ndani, kitambaa kilikuwa kimegeuka cheusi mahali pa mashavu na masikio. Nilianza kwa sabuni. Gundi haikusogea. Nikaenda nilikozoea kwenda. Katika gereji zetu petroli ndiyo maji yetu: kabureta petroli, spana petroli, mikono petroli, kiti kikishika lami, petroli. Nikalowesha tambara nikasugua, na gundi ikatoka kama utando wa maziwa. Nilifurahi, nisikufiche. Ilipong'aa nikaona aibu kuacha ndani jinsi palivyokuwa. Nikakamulia petroli kwenye kile kitambaa cheusi, nikasugua, nikaongeza nyingine kwenye mashavu yote mawili mpaka ikapenya ndani. Kisha nikaianika juu ya banda la kuku siku nzima ya jua. Siku ya tatu haikunuka kitu. Mama aliinusa tena, akatikisa kichwa kukubali.

Mdogo wangu alipoivaa Jumamosi, akatikisa kichwa kulia na kushoto.

"Mwalimu, imekuwa kubwa kidogo."

"Helmeti haikui."

"Wiki iliyopita ilinibana. Leo naweza kusikia upepo."

"Basi ni kichwa chako kimepungua. Wasichana wa Embu wamekula ubongo."

Mama alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Mdogo wangu pia akacheka. Nikamwambia avae leso ndani, akaivaa, akafunga mkanda vizuri chini ya kidevu, nami nikaujaribu kwa kidole changu. Mkanda haukuwa na kosa lolote.

Miezi minne baadaye, asubuhi baada ya mvua, alikuwa akipanda kutoka Embu. Trekta lilikuwa limetoka shambani likaacha tope kwenye kona. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara ndiye aliyeona, na nilikwenda kumuuliza kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kusema vijana wa pikipiki hujitakia. Akaniambia, "Hapana. Alikuwa anaendesha kama mtu anayeenda kanisani." Tairi la mbele liliteleza, akaburuzika, kichwa kikagonga ukingo wa kalavati.

Mikono yake haikuchubuka. Glavu zilikuwa zimekwaruzika mpaka tabaka la pili, kiwiko cha jaketi kikaisha kabisa, lakini ngozi ya mdogo wangu ilikuwa nzima kama ya mtu aliyeamka usingizini. Hakuamka kwa siku kumi na moja.

Yuko hai. Anatembea, anakula, anamsaidia mama kuchambua maharagwe. Duka la Embu lilikwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu hawezi tena kushika hesabu ya wateja wawili kwa wakati mmoja. Akivaa shati huanza na kifungo cha tatu. Kila Jumamosi nikifika huniuliza swali lilelile.

"Pikipiki yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi."

"Mwambie asitumie petroli kwenye cheni."

"Nitamwambia."

Vifaa vyake viliporudishwa kutoka kituo cha polisi, nilichukua helmeti niioshe kabla ya kuihifadhi. Ndivyo tulivyolelewa. Safari hii nilikuwa na muda, kwa hiyo nilifungua vifungo vidogo vya ndani nikatoa kitambaa chote cha ndani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku ile.

Chini ya kitambaa, kila helmeti nzuri ina povu gumu jeupe, kama lile linaloizunguka televisheni mpya kwenye boksi. Watu hudhani gamba la nje ndilo linalokulinda. Gamba linasaidia, lakini povu ndilo linalokubali kubonyea ili kichwa chako kisibonyee. Linafanya kazi hiyo mara moja tu maishani mwake. Katika helmeti ile, nyuma na utosini, ambako sikufikisha petroli, povu lilikuwa jeupe na nene, na kwenye utosi lilikuwa na ufa wa kuanguka. Ubavuni, kulia na kushoto, halikuwepo. Lilikuwa limenywea, likawa ngozi ngumu ya manjano iliyojikunja, kama sukari iliyolambwa. Niliweza kuingiza vidole viwili katikati yake na gamba.

Alikuwa amegonga upande wa kulia.

Kama povu lingekuwa zima, angekuwa salama? Sijui. Daktari niliyemuuliza hakutaka kukisia, na namheshimu kwa hilo. Ninachojua ni kwamba aliniambia imekuwa kubwa, nami nikamjibu kwa mzaha.

Niliiweka helmeti ndani ya katoni, nikaisukuma juu ya dari ya stoo ya mama, na nikanyamaza miezi minane. Kunyamaza huko kungekuwa rahisi zaidi kama mama asingekuwa anazungumza. Kila mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa aliambiwa, "Ni kaka yake aliyempa helmeti nzuri. Bila ile, tungekuwa tumemzika." Kisha ananipakulia mimi kwanza.

Niliuza pikipiki yangu. Halafu nikamwita mteja mmoja wa Maua, mfanyabiashara mwenye magari ya kusafirisha miraa, aje achukue vifaa vilivyobaki. Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu yake ikiwa bado na mikunjo ya pasi, nami nikatandaza kila kitu uani juu ya mkeka. Aliangalia kiwiko cha jaketi, akavuta zipu, akakunja buti. Alijua anachotafuta.

"Helmeti je, mwalimu?"

"Helmeti sina."

"Ipo!" akasema mdogo wangu. Aliingia stoo, tukasikia kitu kikianguka, akatoka na ile katoni mikononi, vumbi kichwani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekumbuka. "Hii ni yangu. Lakini muuzie tu, mimi pikipiki iko kwa fundi."

Kitambaa nilikuwa nimekirudisha ndani. Ukiitazama, ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu. Mteja akaigeuza.

"Hii ni kitu, wallahi. Nipe bei."

"Hiyo ndiyo iliyomwokoa mwanangu," mama akasema mlangoni. "Mpe. Imwokoe na huyu pia."

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema tu kwamba helmeti iliyogonga haiuzwi tena, na hilo lingekuwa kweli, na kila mtu angeridhika. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama hapo akitabasamu, shati limefungwa kombo.

Nikafanya kama darasani. Nilichukua kipande cha povu kutoka kwenye katoni ya redio, nikamimina petroli kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikakiweka ndani. Kikaanza kuzama bila kelele, kikiyeyuka kutoka chini, mpaka kikabaki ute. Kisha nikatoa kitambaa cha helmeti nikawaonyesha ubavuni.

Mteja aliirudisha mkekani kwa mikono miwili. "La ilaha illa Llah," akasema polepole, akaondoka pale, akaenda kusimama karibu na gari lake.

"Nani aliimwagia?" mama akauliza. Aliniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu. Ulisema nisim…"

Nilijizuia, lakini nilikuwa nimechelewa. Aliiangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma.

"Nilisema," akajibu.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, vidole viwili vikiwa ndani ya ile nafasi. Akaniangalia, na kwa muda huo alikuwa yeye kabisa, yule wa zamani, aliyekuwa akinishinda kwenye mabishano.

"Si nilikuambia imekuwa kubwa?"

"Uliniambia."

"Ukasema ni kichwa changu." Akacheka. Alicheka peke yake.

Mama aliingia jikoni akatoka na kisu cha kukatia nyama. Akauvuta mkanda wa helmeti, akaukata mara tatu, upande huu na upande ule, ili mtu asije akaiokota akaivaa. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba ndivyo inavyotakiwa kufanywa. Akaingia ndani, na sikumwona tena siku ile.

Bado ninakwenda kila Jumamosi. Mimi na mama tunazungumza kuhusu mvua, kuhusu dawa za usiku za mdogo wangu, kuhusu maharagwe. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na wageni siku hizi hawaambii tena lolote kuhusu helmeti. Jumamosi iliyopita alinipa mkungu mdogo wa ndizi alioletewa kutoka Mitunguu nije nao mjini. Nilipofika nyumbani niliona bado una udongo, na majani makavu, na utando wa buibui kwenye kikonyo. Niliuweka mezani hivyo hivyo; ulikuwa kitu cha kwanza kutoka mlangoni kwake bila kuoshwa.

Basi, hiyo helmeti unayotaka kuinunua, ishike mikononi. Usione haya mbele ya muuzaji. Fungua vifungo, toa kitambaa chote cha ndani, na upite na kidole gumba juu ya povu, paji, mashavu, masikio na kisogo. Likiwa na ufa, likiwa limenywea, au likiwa na nafasi kati yake na gamba, irudishe mkekani. Ikikubana mashavu na ukitikisa kichwa isicheze, ichukue. Na siku itakapochafuka, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuogea na kitambaa laini, kisha ianike kivulini.