Duara Nyuma ya Goti

Jirani yangu haketi bila kujipapasa: kwapani, nyuma ya masikio, chini ya matiti, kwa vidole vilivyopakwa weusi wa matunda ya msituni. Hapa Åland, visiwa vya Finland, kila atokaye msituni hukaguliwa kupe ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, na mkaguzi wa jirani yangu ni mumewe, Sixten. Mwezi Julai Sixten aliona duara jekundu nyuma ya goti. "Buti la mpira limekubana hilo," akasema, na mkewe akaamini, maana buti humbana kila mwaka. Wiki tatu baadaye duara lilikuwa pana kama sahani, na mimba yake ina miezi sita. Ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Mkunga alimpa dawa. "Wengi wanaotibiwa huzaa salama, mama. Ila kuhusu ubongo wa mtoto utafiti ni mchache, siwezi kukuapia."

Dawa alimaliza, hofu haikuisha. Sauti yake iliyokuwa ikiita mbwa hadi kisiwa cha pili siku hizi ni ya kunong'ona. Jana nilimkuta ngazini akiliuliza tumbo, "Saba mara nane?"

"Mwache mwenzio! Mimi chuo kilinishinda na bado nakula," nikamtania.

"Nyamaza, wewe. Juzi alijibu kwa teke."

Akauliza tena, polepole, kiganja kikiwa tumboni. Hakuna teke. Nikaketi kando yake.

"Basi mbili mara mbili," akasema. "Mbili mara mbili tu, mwanangu."